Nilivyompimia Mama Mifupa kwa Mkono Wangu Mwenyewe

Nianze kwa kukubali kabisa: kwenye habari hii mjinga ni mimi. Nasema mapema ili usijisumbue kumtafuta. Yupo muuzaji mmoja wa makopo humu ndani, na hasira zangu kwake hazijaisha mpaka leo, lakini yule alikuwa kazini kwake. Mimi ndiye niliyemfuata, tena nimechana nywele.

Kwetu ni kijiji kimoja upande wa Likunja, Ruangwa. Shule niliishia la saba. Nina pikipiki nabeba abiria, na msimu ukifika nalima ufuta na mama. Baba alishafariki. Nyumba nzima ni mimi na mama, na kuku.

Mwaka ule ufuta ulikubali. Tulishakata, tukafunga mafungu, tukayasimamisha yakauke, na siku hiyo tulikuwa tunakung'uta juu ya turubai. Kama hujawahi kukanyaga punje za ufuta kwenye turubai, usijaribu. Sabuni ina nafuu. Mama akawa anapita na fungu begani, mguu ukamkimbia, akaangukia mkono wa kulia. Wala hakuanguka kwa kishindo. Alianguka kama mtu anayekaa kupumzika. Mimi nikacheka, Mungu anisamehe, nikamwambia, "Mama, unacheza sindimba?"

Mama aliunyanyua mkono tukautazama wote wawili. Pale juu ya kiganja ulikuwa umepinda kama kijiko cha bati.

Hospitali walimpiga picha, wakamvuta mkono mpaka nikatoka nje, wakamfunga hogo, ile plasta nyeupe ngumu. Daktari alikuwa dada mmoja mfupi, anaongea taratibu, anakutazama usoni. Akamuuliza mama umri, akamuuliza kama siku zake zilishakoma, mama akainamisha kichwa akasema zilishakoma zamani. Daktari akasema hapo ndipo mifupa ya wanawake inapoanza kuisha nguvu, na kwamba mtu mzima akianguka kidogo vile na bado akavunjika, inabidi aiangalie mifupa yake.

"Mfupa utaungwa na siku, mama," akasema. "Ila siku peke yake hazitoshi. Mfupa unataka vifaa. Dagaa, umtafune na miiba yake, usimchambue. Mboga za majani kila siku. Kunde, mbaazi, yai. Mtindi ukiupata, kunywa. Na ufuta. Si mnalima ufuta?"

"Tunalima," mama akasema.

"Mnakula?"

Mama akanitazama mimi. Mimi nikatazama ukuta.

"Na asubuhi kaa juani kidogo," daktari akamalizia.

Nikaona huyu anatupiga chenga. Nikamuuliza, "Dokta, sasa hiyo ni dawa au umetusomea bei za mgahawa?"

Akacheka. "Dawa ya maumivu hii hapa. Hicho kingine ni chakula. Akihitaji vidonge vya mifupa nitamwandikia mimi, usimnunulie wewe."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nachemka. Kwetu ukitoka hospitali bila mfuko wa dawa unaolia kacha kacha, watu wanakuuliza kama ulimkuta daktari au mlinzi. Tumetoka Likunja na vumbi lote lile, mama kavunjika mfupa, halafu tunaambiwa tukale dagaa! Dagaa! Si angetuambia kwa simu? Mbona dagaa tunawajua, ndio chakula cha mwisho wa wiki mfuko ukikauka. Nikamwambia mama, "Wametudharau kwa sababu umevaa kandambili."

Mama hakuwa anasikiliza. Alikuwa anahesabu miezi kwa vidole vya mkono wa kushoto, anavigusisha kwenye goti. Mvua kwetu zinaanza mwishoni mwa mwaka. Kaka yangu mkubwa yuko Dar es Salaam, na alishatamka siku nyingi kwamba mama akishindwa kulima tu anamhamishia kwake akakae kwenye kochi aangalie televisheni. Kwa watu wengine hiyo ni zawadi. Mama akisikia neno kochi anashika shingo.

"Mvua ikinikuta sishiki jembe," akasema, "kaka yako hatanisikiliza tena."

Basi, habari yenyewe ndiyo hiyo: mkono wa kulia wa mama ushike jembe kabla ya mvua.

Sasa sikia ujinga wenyewe.

Wiki iliyofuata nilipata abiria wa Nachingwea. Nikamshusha, nikawa natafuta chai jirani na soko, nikaona bango limefungwa kwenye dirisha: PIMA MWILI MZIMA, DAKIKA MOJA, BILA SINDANO. Pale mlangoni benchi limejaa akina mama, wengine wameshika viuno, wengine wameshika magoti. Foleni ikiwa ndefu, mimi huwa naamini. Hilo ni tatizo langu tangu shule.

Ndani kulikuwa na kijana amevaa suti na tai. Nachingwea, jua la saa saba, suti. Mbele yake kompyuta, na kutoka kwenye kompyuta unatoka waya, na mwisho wa waya kuna chuma kinene kama mchi wa kitunguu saumu.

"Karibu, mkuu. Tunakupima wewe?"

"Nataka apimwe mama. Kavunjika mkono. Yuko Ruangwa."

"Pole sana. Wewe ni mwanawe wa kumzaa?"

"Wa kumzaa kabisa."

"Basi hakijaharibika kitu. Damu ni moja. Kaa hapo, shika chuma."

Nikakaa. Nikashika chuma. Nakuapia, sikucheka hata kidogo. Akaniuliza umri wa mama nikamtajia, akabonyeza. Akauliza jinsia, nikamwambia mama ni mwanamke, akabonyeza tena. Kompyuta ikawa inazunguka rangi, chuma kimetulia mkononi mwangu kama chuma chochote kile. Akashusha pumzi, akatikisa kichwa.

"Mifupa imekwisha, mkuu. Tazama hapa palivyo pekundu. Na kizazi hakiko sawa, kuna kitu kinaanza."

Nikajishika tumbo. Kweli kabisa, nilijishika tumbo langu mimi, dume zima, kwa hofu.

"Nifanyeje?"

"Una bahati umewahi. Hospitali watakwambia ule majani, sijui ule dagaa."

Nikaruka. "Ndivyo walivyosema!"

"Umeona? Mfupa hauna muda wa kusubiri majani, mkuu. Unataka madini yenyewe, yaliyokamuliwa." Akanionyesha makopo matatu yamepangana, meupe, yana maandishi ya dhahabu na picha ya jani na ua dogo na viganda virefu. Yanapendeza kuliko kitu chochote ndani ya nyumba yetu. "Hii ndiyo dozi. Ukichukua moja unajidanganya."

Akachapa na karatasi za vipimo, kurasa nne za rangi, juu yake jina la mama. Nikazikunja nikatia mfukoni kama hati ya kiwanja. Fedha ya makopo sikuwa nayo. Nikamwambia aniwekee, kesho nakuja.

Sasa, mama ana debe lake. Kila mwaka, gunia la mwisho likishafungwa kupelekwa ghalani, mama anachota debe moja la ufuta safi, anaoupepeta mwenyewe, na mwaka ule wa hogo nilipepeta mimi yeye akisimamia, anaweka chini ya kitanda. Analiita debe la mdomo. Hilo haliuzwi, haliazimwi. Humo anatoa cha kuponda kwenye kisamvu, cha kutia kwenye uji, cha kukaanga tukatafuna. Mimi miaka yote nilikuwa namcheka. Kijiji kizima hakuna anayekula ufuta, tunauza mpaka wa kufagia chini, yeye anakula hela. Kumbe kwenye kaya zote zile alikuwepo mtu mmoja mwenye akili, na mimi nilikuwa naishi naye nikimzomea.

Asubuhi yake mama akiwa uani nikaingia, nikavuta debe, nikalitia kwenye kiroba, nikapeleka kwa kangomba, wale wanaonunua mazao kwa mlango wa nyuma bila mnada. Wakanilalia kwenye kipimo, nikawaacha, nilikuwa na haraka ya kumwokoa mama. Mchana nilikuwa Nachingwea. Jioni nilikuwa nyumbani na makopo matatu.

Mama aliyapokea kwa mkono wa kushoto. Akaligeuza kopo moja, akalisogeza kwenye mwanga.

"Hili si ua la ufuta hili?"

"Mama, hilo ni ua la nje huko, la kitaalamu."

"Na haya maganda?"

"Ya kitaalamu pia."

"Mbona yana mistari minne kama yetu?"

Nikatazama vizuri. Mimi niliyezaliwa msimu wa kukata ufuta, niliyekwaruzwa na ufuta mpaka mgongoni, niliyepanda, kupalilia na kukata hayo maganda tangu nina meno ya utoto, nilikuwa nimebeba picha yake kutoka Nachingwea mpaka Likunja na sikuijua. Kwa sababu ilikuwa kwenye kopo. Ingekuwa imechorwa kwenye gunia ningeijua.

Mama akainama chini ya kitanda. Akakaa pale ameinama muda mrefu kuliko unaohitajika kuona kwamba kitu hakipo.

"Debe langu?"

Nikamweleza. Sikumaliza, akasema, "Haya." Kwetu mama akikuchapa maneno, bado uko salama. Akisema haya na kunyamaza, tafuta pa kulala.

Lakini alikunywa. Hilo ndilo linaloniuma. Alikunywa kwa sababu mwanawe kaleta. Vidonge vikubwa kama kokwa za zambarau, asubuhi viwili, mchana viwili, jioni viwili. Mimi nikawa askari. Nikitoka na pikipiki navihesabu, nikirudi navihesabu. Tumbo likamfunga, siku tatu hajaenda chooni, nikamwambia ndio dawa inafanya kazi. Hamu ya kula ikakatika, nikasema ni sumu inatoka mwilini. Nilijibu kila kitu. Nilikuwa daktari kamili, nilikosa tai tu.

Na mama akawa anakonda. Kanga inamzunguka mara mbili. Nilikuwa nauliza kila siku, "Mama, umekula?" Anajibu, "Nimekula na wenzangu." Basi, nimeridhika, navihesabu vidonge.

Hapa nieleze kitu. Kwetu pale wanawake wa nyumba tatu za jirani wanakula pamoja mchana na jioni. Kila mmoja anatoka na alichopika, wanatandika mkeka, wanazunguka sinia moja. Sisi wanaume tunakula kwetu barazani. Tangu mama avunjike, majirani walikuwa wanamletea sahani yake, na mimi naletewa yangu. Nikirudi nakuta sahani ya mama imeoshwa, imelazwa, nami nadhani alikwenda nayo mkekani kwa wenzake. Na kuku wetu walinenepa mwaka ule, sijawahi kuona. Nikadhani ni ule ufuta uliomwagika kwenye turubai.

Mama mdogo akaja kutoka Chinongwe. Huyu ni mdogo wake mama, mwanamke mnene, sauti yake inafika kabla yake. Alibisha hodi akiwa bado barabarani. Alipomwona dada yake akanyamaza, na mimi sijawahi kumwona akinyamaza. Akamshika bega, akamshika shavu, akanigeukia.

"We mtoto, mama yako anakula nini?"

Nikamwonyesha makopo kwa majivuno. "Haya hapa. Madini yaliyokamuliwa."

"Sijakuuliza anameza nini. Nimekuuliza anakula nini."

"Anakula na wenzake, hapo kwa jirani."

Mama mdogo akatoka. Nilisikia anavyouliza kule, maana kijiji kizima kilisikia. "Dada yangu anakula hapa?" Na mwanamke wa jirani akajibu, "Hapana, tangu hogo anasema anakula ndani na mwanawe. Sahani tunampelekea."

Akarudi. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni. Mimi nikaanza kuelewa na nikatamani nisielewe. Kwangu alikuwa anasema amekula na wenzake. Kwa wenzake alikuwa anasema amekula na mimi. Na sahani ilikuwa inaenda kwa kuku.

"Dada," mama mdogo akasema, sauti imeshuka. "Kwa nini?"

Mama alikuwa amekaa kitandani, hogo limelala kwenye mapaja. Akanyanyua kiganja cha kushoto kidogo, akakirudisha.

"Nitaingizaje huu kwenye sinia la watu?"

"Mgonjwa ana ruhusa!"

"Najua ana ruhusa. Naona haya."

"Na kijiko?"

"Nile kwa kijiko nimezungukwa na watu, wakinitazama natonesha mchuzi kifuani kama mtoto? Na humu ndani peke yangu, vidonge vimejaa tumboni, chakula hakipiti."

Mtu mzima aliyekula kwa mkono wa kulia tangu azaliwe, anayewakemea watoto wa wenzake wakigusa chakula kwa kushoto, leo ilimlazimu atie wa kushoto. Alikuwa analamba vijiko viwili vya uji mimi nikiwa sipo, basi. Na yule daktari mfupi alishataja chakula chote kile, dagaa, mboga, kunde, mpaka jua akataja, na mimi nilikuwa nimesimama pale nachekesha. Sikuona kwamba mkono wa kulia ukifungwa, na mdomo umefungwa. Mtu ninayeishi naye nyumba moja! Ningekuwa nahesabu matonge badala ya vidonge ningejua siku ya pili.

Mama mdogo hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alisema, "Kumbe umekua pikipiki tu, kichwa bado." Halafu akafunga mlango, akakaa na dada yake, wawili tu, akamlisha kwa kijiko, na huko ndani wakaanza kucheka, sijui walikuwa wanacheka nini. Huenda mimi.

Kuanzia hapo utawala ulibadilika. Makopo yalipanda juu ya kabati. Mama mdogo alikuwa amekuja na ufuta wake kidogo kwenye mfuko, ulipokwisha nikatumwa dukani nikanunue. Nenda ukanunue ufuta Ruangwa uone sura utakazotazamwa! Mwenye duka akaniuliza, "Si ninyi mmetoka kuuza juzi?" Nikamwambia nawanunulia wageni. Alinipimia kwa kikopo kidogo cha nyanya, kwa bei ambayo kangomba angecheka mpaka akae chini. Nikalipa. Nilistahili.

Na kutwanga nikatwanga mimi. Mama mdogo alisema mkono uliochukua debe ndio utakaoshika mchi. Nikawa natwanga kisamvu uani, saa kumi, wakati vijana wenzangu wanapita kwenda mpirani.

"Oyaa, mwali huyo!" mmoja akapiga kelele. "Ameshachezwa unyago?"

"Mahari yake shilingi ngapi?" mwingine akadakia.

"Muulize mama mdogo," nikawajibu, "ila mwoaji ajue bibi harusi ana kizazi kibovu, nimepimwa na kompyuta." Wakacheka wakapita. Mimi sikucheka sana, jasho lilikuwa linaingia machoni.

Chakula chenyewe hakikuwa na ajabu yoyote. Hilo linanikera zaidi. Kisamvu kilichopondewa ufuta. Dagaa wakavu waliokaangwa mpaka mwiba unavunjika mdomoni kama kaukau. Majani ya kunde, majani ya maboga. Mbaazi. Yai kutoka kwa kuku walewale walionenepa kwa sahani za mama, angalau walirudisha. Mtindi siku chache, maana ng'ombe kwetu si wengi. Asubuhi mama anatolewa na kigoda chake kwenye jua. Vitu vyote hivyo vilikuwa vimetuzunguka kama majani yenyewe, na sisi tunavipita kwenda kutafuta madini ya dhahabu kwenye makopo.

Halafu wale wanawake wa jirani wakafanya kitu sikukitegemea. Siku moja walitandika mkeka kwetu, mlangoni, na kila mmoja akaja na kijiko chake. Wote. Sinia moja, vijiko vinne, hakuna aliyesema neno kuhusu vijiko. Mwanamke wa jirani alijitonesha mchuzi kifuani, akatukana, wakaendelea kula. Mama akala mpaka akaomba maji.

Siku ya kufungua hogo tulienda watatu. Mkono ulitoka mwembamba, umefifia, vidole vimekakamaa. Picha ikaonyesha mfupa umeunga. Daktari akampa kitambaa akikunje kama mpira awe anakibana kila siku. Akauliza kuhusu chakula, mama mdogo akaeleza, halafu, bila kuombwa, akamkabidhi zile karatasi zangu nne za rangi.

Daktari akasoma. Akageuza. "Aliyepimwa kizazi hiki ni mama?"

"Ni mimi," nikasema.

Aliziweka mezani akaziba mdomo kwa mkono. Baadaye akawa makini tena. Akasema vidonge vya mifupa vipo, na wapo watu wanaovihitaji, na yeye huwa anawaandikia akishawapima. Lakini mtu kujazwa vidonge sita kwa siku na chuma kilichoshikwa na mtu mwingine, tumbo limefunga, hali chakula, hiyo si tiba. Akamwambia mama asivinywe tena. Hakunigombeza. Kila mtu siku hizo alikuwa hanigombezi, nikawa najigombeza mwenyewe njiani kwa sauti, abiria wakaanza kuniogopa.

Nikaenda Nachingwea na kopo lililobaki zima, nirudishiwe changu. Benchi limejaa, suti ileile.

"Mkuu!" akanikumbuka. "Mama vipi?"

"Mkono umeunga."

Akapiga makofi. Akasimama, akawageukia wale akina mama. "Mmesikia wenyewe! Mfupa uliovunjika umeunga!" Akatoa simu. "Simama hapa kaka, tuchukue ushuhuda wako, sema umetumia dozi ngapi."

Yaani mama mdogo kalisha kwa kijiko, mimi kutwanga mpaka malengelenge, majirani wamekula kwa vijiko mlangoni kwetu, halafu ushindi uende kwenye kopo! Nikawageukia wale akina mama.

"Jamani mama zangu, shikamooni. Mimi mnavyoniona hapa ni mwanaume. Mashine hii ilinipima ikakuta nina kizazi. Mama yangu kapona kwa hogo la hospitali, dagaa na kisamvu. Na haya maua mnayoyaona kwenye kopo ni ufuta. Ufuta! Wa kwenu nyumbani!"

Walicheka sana. Mmoja alicheka mpaka akashika goti lake bovu. Yule kijana wa suti naye akacheka, akasema, "Huyu kaka ana vichekesho," kisha akaita, "Anayefuata." Na anayefuata akainuka, mama wa makamo, miguu inamuuma, akaingia, akakaa, akashika chuma.

Fedha sikurudishiwa. Wala si fedha inayonikera sasa hivi nikiandika hapa. Ninakerwa na sisi. Tunasimamisha ufuta mashambani mpaka Ruangwa yote inaonekana imevaa nguo ya kahawia, tunapeleka ghalani gunia kwa gunia, tunasubiri mnada, na watoto nyumbani wanakula ugali kwa mchuzi wa nyanya. Mtu akila mlenda tunamwita maskini. Mgeni akija tunawaficha dagaa chini ya meza kama tumewaiba. Majani ya kunde tunawaachia mbuzi. Halafu mifupa ya mama zetu ikivunjika kwa kuteleza tu, tunachukua kilichobaki ndani tunakwenda kununua ua la ufuta lililochorwa. Na mtu wa hospitali akitwambia bure, bila tai, kula hicho ulicholima, tunaona ametudharau. Mimi nilimwambia bei za mgahawa! Namkumbuka usoni alivyocheka. Alishazoea, ndio maana.

Mvua ilikuja. Siku ya kwanza ya kulima mama aliamka kabla yangu, nikamkuta shambani. Mama mdogo alikuwa ameshaondoka kwao. Mama alikuwa ameshika jembe, mkono wa kulia bado mwembamba kuliko mwenzake, analipiga chini taratibu, anapumzika, analipiga tena. Kaka alipiga simu asubuhi hiyohiyo kuuliza kama aje amchukue. Nikamwekea mama simu sikioni, akamwambia, "Nipo shamba, nipigie jioni," akaendelea.

Nikachukua mstari wa pembeni yake. Tulikwenda hivyo mpaka jua likapanda. Nilikuwa sijamwomba radhi bado, tangu lile debe. Ukishakuwa mcheshi wa nyumba, kuomba radhi kunakuwa kugumu, watu wanasubiri kichekesho. Nikasema hivyohivyo, macho chini, kwamba lile debe nilikosea, na vile vidonge, na kule kumhesabia.

Mama akaegemea mpini. 

"Lakini na wewe, baba," akasema, "ulikwenda mpaka Nachingwea kumuuliza mtu mwenye tai. Mimi nilikuwa hapo kitandani, debe la mdomo liko chini yangu. Si ungeniuliza tu?"